Picha moja, njia mbili: kisa cha folda zilizojirudia kwenye sava ya studio ya picha Mbeya

Kisa hiki ni cha studio ya picha jijini Mbeya ambayo mimi ndiye ninayeitunzia kompyuta na mtandao. Majina ya watu, ya studio na ya wateja nimeyaondoa, na sava nimeipa jina jingine. Mwenye studio ameridhia kiandikwe, na nakiandika kwa kirefu kwa sababu moja. Ushauri wa "zimejirudia, futa moja" hutolewa haraka sana na mafundi, na katika hali kama hii ushauri huo unapoteza picha za watu. Harusi ikishapita haipigwi picha upya.

Mazingira ya kazi

Studio inapiga picha za harusi, send-off, kipaimara na mahafali. Wateja wengi ni wa jijini, wengine wanatoka Mbalizi, Tukuyu na Kyela. Wapo watatu: mama mwenye studio, ambaye ndiye mpigapicha mkuu, mhariri, anayerekebisha rangi na kupanga albamu, na kijana msaidizi, anayeingiza picha kutoka kwenye kadi za kamera, kufanya marekebisho madogo na kusimamia uchapishaji. Kompyuta ya kazi ni moja, ya mezani, yenye Windows, na wanaipokezana mhariri na msaidizi. Programu yao ya kupangia na kuhariria picha ni Lightroom Classic.

Zamani picha zote zilikaa kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Ilipojaa wakanunua sava ndogo ya mtandao, yaani kisanduku chenye diski mbili kinachochomekwa kwa waya kwenye ruta. Diski hizo zimefungwa kwa mtindo wa kioo: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili. Aliyeifunga aliunganisha folda kuu ya "picha" na kompyuta kwa herufi Z, na mahali pa kuandika anwani ya sava akaandika namba, 192.168.1.20. Kazi ikaenda vizuri kwa muda mrefu, kila mtu akijua kwamba picha ziko Z.

Kabla ya kuendelea, jambo moja lazima lieleweke, maana kisa chote kimejengwa juu yake. Lightroom Classic haibebi picha ndani yake. Inabeba kumbukumbu za picha: picha ipo wapi, imepewa nyota ngapi, imekatwa vipi, rangi zimeongezwa au kupunguzwa kiasi gani. Kumbukumbu hizo zinakaa kwenye faili la katalogi, lenye jina linaloishia na .lrcat, ambalo kwa ndani ni hifadhidata ya SQLite. Katalogi lazima ikae kwenye diski ya kompyuta yenyewe au diski iliyochomekwa moja kwa moja, kwa sababu programu inakataa kufungua katalogi iliyoko kwenye diski ya mtandao. Picha zenyewe zinaruhusiwa kukaa kwenye mtandao. Kwa hiyo studio hii ilikuwa na vitu viwili mahali pawili: picha kwenye sava, kumbukumbu kwenye kompyuta. Na katalogi inapotaja mahali ilipo picha, inataja kwa maandishi tu, yaani njia ya kufikia faili, herufi kwa herufi.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Ilikuwa msimu wa mvua, ambao kwetu huku unaanza Novemba na kuburuza hadi Aprili au Mei. Usiku mmoja umeme ulikatika kwa radi. Uliporudi, ruta iliwaka na kugawa upya namba za anwani kwa vifaa vyote, na sava ikapewa namba nyingine. Asubuhi herufi Z ilikuwa na alama nyekundu, na ndani ya Lightroom folda zote zilikuwa na alama ya kuuliza.

Msaidizi alikuwa na kazi inayosubiriwa, picha za send-off ya Tukuyu. Akafungua sehemu ya mtandao kwenye Windows, akaiona sava kwa jina lake (hapa naiita SAVA), akabofya, akakuta picha zote zipo salama. Akarudi Lightroom, akachagua kuingiza picha, akaelekeza kwenye folda kuu ya \\SAVA\picha na kuchagua "Add", yaani picha zisajiliwe hapo hapo zilipo bila kunakiliwa. Picha nyingi zikatokea zimefifia, hazichaguliki. Kulikuwa na tiki kwenye kisanduku cha "Don't Import Suspected Duplicates". Kwa kisanduku hicho programu inalinganisha jina la awali la faili, saa picha ilipopigwa na ukubwa wa faili. Vikilingana inaitilia shaka picha na kuiacha. Kijana aliona programu inakataa picha halali za studio, akaondoa tiki. Programu ikazipokea zote, za mwaka huo na za miaka ya nyuma.

Siku iliyofuata mhariri alipigiwa simu na fundi mwingine, akaelekezwa kuiunganisha Z upya, safari hii kwa jina la sava. Alama za kuuliza zikaondoka. Hapo ndipo kwenye orodha ya folda kukawa na matawi mawili yaliyo hai: la Z na la SAVA. Folda zile zile, tarehe zile zile, picha zile zile.

Hakuna aliyeshtuka. Mhariri aliendelea kufanya kazi kwenye tawi la Z kwa mazoea, msaidizi akaendelea kwenye la SAVA kwa sababu ndilo alilolifungua mwenyewe. Kila mmoja akawa anahariri kumbukumbu zake, juu ya mafaili yale yale.

Dalili ya kwanza ilikuja na albamu iliyochapishwa. Kulikuwa na picha ya mama mzazi wa bibi harusi, ameshika khanga ya zawadi kwa mikono miwili. Kwenye tawi la Z mhariri alikuwa ameikata vizuri, amepunguza mng'ao wa mwanga wa kamera kwenye paji la uso na kuipa rangi joto kidogo. Kwenye tawi la SAVA picha ile ile ilikuwa kama ilivyotoka kwenye kamera: paji linang'aa, na pembeni kushoto kiwiko cha mpiga video kimeingia. Iliyochapishwa ni hii ya pili. Mteja alikuja dukani na albamu mkononi akauliza kama hii ndiyo kazi aliyoilipia.

Mama mwenye studio akafungua programu, akaona jumla ya picha ni karibu mara mbili ya aliyoijua. Akadhani sava inajaa nakala. Akauliza dukani bei ya diski kubwa zaidi, na aliyeulizwa akamkubalia kwamba ndiyo dawa. Msaidizi, kwa nia njema kabisa ya kumpunguzia gharama, akaanza kufuta "nakala". Alianza na folda ya send-off ya Tukuyu kwenye tawi la SAVA: akachagua picha zote, akabonyeza kitufe cha kufuta, dirisha likamuuliza kama aziondoe kwenye katalogi tu au kwenye diski. Akachagua "Delete from Disk".

Muda mfupi baadaye picha za folda hiyo kwenye tawi la Z zikaanza kuweka alama ya mshangao, moja baada ya nyingine. Kwenye pipa la taka la Windows hakukuwa na kitu, kwa sababu faili linalofutwa kupitia diski ya mtandao halipitii humo. Sava nayo ina pipa lake, lakini halikuwa limewashwa.

Nilipigiwa simu jioni ile. "Fundi, picha za Tukuyu hazipo huku wala huku."

"Mama, mwambie kijana aachie kipanya. Asifunge, asifute, asiingize chochote. Nakuja."

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha kila kitu. Programu ilifungwa, kisha nikanakili katalogi kwenda diski ya nje: faili la .lrcat, jirani yake .lrcat-data ambalo lilianza na toleo la 11 la mwaka 2021 na hubeba baadhi ya data za marekebisho, pamoja na folda nzima ya nakala za akiba za katalogi. Kwenye sava nilikataza kuandikwa kitu chochote. Faili likifutwa, nafasi yake inahesabika kuwa wazi, na picha mpya ikiingia inaweza kukaa juu ya ile tunayoitafuta. Kwa sababu hiyo hiyo sikutumia kipimo changu cha kawaida, ambacho ni kuunda faili dogo la maandishi upande mmoja na kutazama kama linatokea upande wa pili. Kipimo hicho ni kizuri na kinamridhisha hata asiye fundi, lakini kinaandika kwenye diski.

Badala yake nilisoma tu. Amri ya net use kwenye Windows ilionyesha kwamba Z inaelekea \\SAVA\picha, neno kwa neno ile ile njia ya tawi la pili. Kisha nikafungua ukurasa wa usimamizi wa sava na kumwonyesha mama nafasi iliyotumika. Haikuwa imeongezeka kwa kiasi kinachokaribia kile alichokihofia. Kama picha zingekuwa zimenakiliwa kweli, diski zingekuwa zimebeba mzigo maradufu, na ukurasa ule usingeweza kuuficha. Nikamwambia kwamba soko la Mwanjelwa unaweza kulifikia ukitokea upande wa Uyole au upande wa Mafiati, na soko ni lile lile. Aliposikia hivyo mama hakuhitaji maelezo mengine, na habari ya kununua diski ikaishia hapo.

Niliangalia pia uwezekano mwingine ambao nimewahi kukutana nao: programu kufunguliwa kwa haki za msimamizi. Diski iliyounganishwa kwa herufi ni ya mtumiaji na kikao chake, na programu iliyofunguliwa kwa haki za msimamizi inaweza isiione kabisa herufi hiyo, hata kama mwenye kompyuta anaiona wazi kwenye Windows. Hapa haikuwa hivyo. Ningelipuuza hilo, tungeweza kurudi kwenye alama za kuuliza kila mara msaidizi akibadilisha namna ya kufungua programu.

Pili, niliamua send-off irejeshwe kabla ya kusafisha chochote. Mama alikuwa na diski ya nje anayoipeleka nyumbani, ambayo hunakiliwa picha mpya mara kwa mara, na folda ya Tukuyu ilikuwemo. Ilikosekana sehemu ndogo ya kamera ya pili iliyoingizwa baadaye, ikapatikana kwenye kadi ambayo ilikuwa haijasafishwa. Picha zikarudishwa kwenye sava, folda ile ile, majina yale yale bila kubadilisha hata herufi. Hili lina uzito: katalogi inatafuta njia iliyoandikwa, na faili likirudi kwenye njia hiyo linajiunga na kumbukumbu yake lenyewe. Tawi la Z lilipofunguliwa, alama za mshangao zilikuwa zimeondoka.

Tatu, ipi kati ya njia mbili ibaki? Kuna hoja nzuri ya kutumia jina la sava moja kwa moja na kuachana na herufi, maana herufi inaweza kuchukuliwa na kifaa kingine na kompyuta mpya huenda isiwe nayo. Lakini kazi kubwa ya mhariri ilikuwa kwenye Z: makusanyo ya albamu (orodha za picha zilizochaguliwa), nakala pepe za rangi nyeusi na nyeupe (kumbukumbu ya pili ya picha ile ile, bila faili jipya kwenye diski), historia ndefu ya marekebisho. Niliamua Z ibaki, ila iunganishwe kwa jina la sava, na kwenye ruta nikaitengea sava namba yake ya kudumu ili umeme ukikatika isipewe nyingine. Namba ya kudumu peke yake ingetosha kwa kesho. Nilitaka vyote viwili, kwa kuwa ruta nazo hubadilishwa, na ruta mpya haijui yaliyopangwa kwenye ya zamani.

Nne, na hapa ndipo kulikuwa na kazi yenyewe: kuhamisha marekebisho ya msaidizi kutoka tawi la SAVA kwenda tawi la Z. Kuliondoa tawi la SAVA kungekuwa rahisi sana, na kungetupa majuma ya kazi yake. Njia tuliyoitumia inatokana na tatizo lenyewe. Lightroom inaweza kuandika marekebisho nje ya katalogi, kwenye faili dogo la XMP linalokaa pembeni ya picha ghafi (RAW, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla ya kugeuzwa JPEG) na kubeba jina lake. Kwa kuwa matawi yote mawili yanaelekea kwenye folda moja, XMP iliyoandikwa kutoka tawi moja inaonekana kwenye la pili. Tukatenga picha za tawi la SAVA zilizokuwa na marekebisho tu, tukazichagua, tukabonyeza Ctrl+S ziandikwe. Kisha tukazitafuta picha hizo hizo kwenye tawi la Z na kuchagua "Read Metadata from Files". Marekebisho ya msaidizi yakatokea pale mbele ya macho yake.

Kuna tahadhari hapa. Kusoma XMP kunafunika marekebisho yaliyopo kwenye picha inayosoma. Picha ambazo wote wawili walikuwa wamezihariri tuliziweka kando, na kila moja ilitengenezewa kwanza nakala pepe kwenye tawi la Z. Nakala pepe inabaki na kazi ya mhariri, picha mama inapokea kazi ya msaidizi, na watu wawili wanakaa mbele ya skrini moja kuamua ipi iende kwa mteja. Tahadhari ya pili: kwenye mipangilio ya katalogi kuna kisanduku cha kuandika XMP moja kwa moja kila badiliko linapofanyika. Kwa studio hii kilikuwa kimezimwa. Kingekuwa kimewashwa, matawi mawili yangekuwa yanaandikiana juu ya faili moja kila siku, na kazi ya kutenganisha ingekuwa ngumu mno.

Marekebisho ya send-off yalihitaji mzunguko mrefu kidogo. Kijana alipofuta kwenye tawi la SAVA, kumbukumbu zake ziliondoka pia kwenye katalogi. Lakini programu huwa inauliza kuhusu nakala ya akiba inapofungwa, na mhariri alikuwa na tabia njema ya kukubali. Tuliifungua nakala ya akiba kwenye folda yake ya pekee. Kwa kuwa mafaili yalisharudi kwenye sava, tawi la SAVA ndani ya nakala hiyo liliyaona. Tukaandika XMP za picha za send-off peke yake, tukafunga, tukarudi kwenye katalogi ya kazi na kuzisoma upande wa Z.

Mwisho tukaondoa tawi la SAVA: kubofya jina la folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Remove", ambayo inaondoa folda kwenye katalogi na kuacha mafaili mahali pake. Nilianza na folda moja ndogo, nikamwomba msaidizi afungue Windows na kuhakikisha mwenyewe kwamba picha bado zipo. Zilikuwepo. Baada ya hapo aliendelea yeye, mimi nikitazama.

Matokeo

Picha zote za send-off zimerudi. Kilichopotea ni marekebisho aliyoyafanya msaidizi baada ya nakala ya akiba ya mwisho ya katalogi, na kurasa hizo za albamu zilihaririwa upya na mhariri. Mteja wa albamu yenye kiwiko alichapishiwa ukurasa upya bila malipo na mama akaenda kumpelekea nyumbani. Jumla ya picha kwenye programu imerudi karibu na ilivyokuwa. Diski mpya hazikununuliwa.

Makusanyo machache ambayo msaidizi aliyatengeneza kutokana na tawi la SAVA hayakuhama, kwa sababu XMP haibebi makusanyo, wala nakala pepe, wala hatua za historia. Nyota, maneno ya utafutaji, ukataji na rangi vyote vilihama. Makusanyo ameyaunda tena kwa mkono, kwa kufuata orodha tuliyoichapa kabla ya kuondoa tawi.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichookoa hali zaidi ya yote ni diski ya mama inayolala nyumbani. Sava ya diski mbili iliwapa watu imani kwamba kuna nakala, na kwa diski moja kuungua imani hiyo ni sahihi. Kwa kufuta si sahihi hata kidogo: amri ya kufuta ilifika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, kama ilivyotakiwa ifanye. Nimekuta studio nyingi, na maofisi pia, zinazohesabu sava yenye kioo kuwa akiba. Tumewasha pipa la sava sasa, lakini sitaki yeyote hapo alitegemee kuliko diski ya nyumbani. Kuhusu kadi ya kamera ya pili, kuwa haijasafishwa ilikuwa bahati. Utaratibu uliopo sasa ni kwamba kadi haisafishwi mpaka picha zake ziwe kwenye sava na kwenye diski ya nje.

Chanzo kabisa ni ile namba. Kuunganisha diski kwa namba ambayo ruta inaweza kuigawa vingine ni kuweka tatizo likisubiri radi. Haikuwa na dalili yoyote kwa muda mrefu, na ndiyo maana hakuna aliyeifikiria. Pia kuna suala la mpangilio wa kuwaka. Umeme ukirudi, kompyuta inawahi kuamka kuliko sava, Windows inajaribu kuunganisha Z inashindwa, na aliyefika mapema asubuhi anakutana na alama nyekundu ambayo ingeondoka kwa kungoja kidogo na kubofya Z. Ruta na sava sasa vimewekwa kwenye UPS moja, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda ukikatika, na maelekezo ni kuiacha sava imalize kuwaka kabla ya kufungua Lightroom.

Msaidizi hakuwa mzembe, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake. Kila hatua aliyoichukua ilijibu swali lililokuwa mbele yake: picha hazionekani, akazipata, programu inazikataa, akailazimisha, picha ni nyingi mno, akapunguza. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba tiki ile ilikuwa inamwonya kwamba picha hizo programu inazijua tayari. Picha zikififia kwenye dirisha la kuingizia, swali la kwanza ni kumbukumbu zake ziko tawi gani. Alama ya kuuliza kwenye folda nayo ina dawa yake, kubofya kwa kitufe cha kulia na kuielekeza folda mahali ilipo sasa, na dawa hiyo haiundi tawi jipya. Angeijua, kisa hiki kisingekuwepo.

Katika utambuzi, kilichofanya kazi ni kuiuliza sava badala ya kuiuliza programu. Programu ilisema picha ni mara mbili na haikuwa inadanganya, maana kumbukumbu zilikuwa mara mbili kweli. Swali la kama mafaili yamejirudia linajibiwa na diski. Na lazima liulizwe kila mara upya, kwa sababu kuna hali inayofanana kwa sura na tofauti kabisa kwa ndani: kijana angechagua "Copy" pale alipochagua "Add", na kuelekeza nakala kwenye folda nyingine, tungekuwa na mafaili mawili halisi kwa kila picha, nafasi ingeliwa, na kufuta upande mmoja kwenye diski kungekuwa sehemu ya tiba. Orodha ya folda kwenye programu ingeonekana karibu vile vile.

Njia ya XMP ilifaa kwa sababu picha ghafi zilikuwa nyingi na mgongano ulikuwa kwa chache. Kwa picha za JPEG marekebisho yanaandikwa ndani ya faili lenyewe, jambo ambalo sipendi lifanywe kwa wingi bila nakala ya akiba pembeni. Na pale ambapo watu wawili wamehariri karibu kila picha, sidhani kama njia hii ingetufaa. Ningependelea kuchagua tawi moja kwa kila hafla na kukubali hasara ya jingine.

Jambo moja bado liko wazi. Mama anataka kumnunulia mhariri kompyuta mpakato ya Mac. Mac haitumii herufi. Sava inakaa kwenye njia ya /Volumes/picha, na ikikatika vibaya ikaacha mabaki ya jina hilo, ikiunganishwa tena inaweza kuitwa picha-1, na programu ikaiona kama diski ngeni. Katalogi nayo haiwezi kufunguliwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Nimemwomba asinunue mpaka tukubaliane nani ataingiza picha na katalogi itakaa kwenye mashine ipi.